Pampu ya Kisima Isimeze Tokeni

Uniti moja ya umeme inatosha, kwa hesabu ya fizikia, kuinua lita 18,000 za maji kwa urefu wa mita 20. Hakuna pampu ya nyumbani inayofikia hapo. Pampu ndogo ya nusu hospawa, ile inayouzwa karibu kila duka la vifaa vya ujenzi Busia na Tororo, hupoteza sehemu kubwa ya umeme wake kwa joto la mota na msuguano wa maji, na kwa urefu huohuo hutumia kati ya uniti 0.3 na 0.5 kwa kila lita 1,000. Hata hivyo kiasi hicho ni kidogo. Kuchemsha lita moja tu ya maji ya chai kwa birika la umeme hula karibu uniti 0.1, kwa hiyo chai ya asubuhi ya familia kubwa inaweza kugharimu umeme sawa na wa kujaza tangi la lita 1,000.

Familia ya watu saba inayotumia lita 300 kwa siku hufikisha lita 9,000 kwa mwezi, yaani uniti tatu hadi tano za umeme wa pampu. Upande wa Kenya, ambako uniti ya kawaida ya nyumbani huangukia yapata shilingi 25 hadi 30 kodi na tozo zikijumlishwa, hizo ni shilingi 75 hadi 150. Upande wa Uganda ni shilingi elfu chache za huko. Nyumba ambayo pampu yake inakula uniti 20 au 30 kwa mwezi kwa matumizi hayohayo hailipii maji. Inalipia kosa lililofichika mahali fulani, na mara nyingi kosa hilo halimo ndani ya pampu yenyewe.

Eneo hili la mpaka lina kila sababu ya kutegemea visima. Mabomba ya mji wa Busia upande wa Kenya hutegemea Mto Sio, na ya Tororo hutegemea Mto Malaba, lakini nyumba zimejengwa kwa kasi kuliko mabomba yalivyotandazwa, na vijijini bomba bado ni habari ya kusikia. Mvua si haba: husemwa kati ya milimita 1,200 na 1,800 kwa mwaka kutegemea mahali, katika misimu miwili, ule mkubwa wa Machi hadi Mei na ule wa kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba. Maji hayo hupenya udongo mwekundu na tabaka la miamba iliyooza juu ya mwamba mgumu wa kale, na humo ndimo visima vya kuchimbwa kwa mkono vinamopata maji, mara nyingi kabla ya kufika mita 20.

Tabaka hilo lina tabia mbili ambazo kila mwenye pampu anapaswa kuzijua kabla ya kutoa fedha. Ya kwanza ni kwamba maji hupanda na kushuka na msimu. Kisima ambacho mwezi wa Mei maji yake yanaonekana mita nne chini ya ukingo kinaweza kuwa cha mita nane au zaidi ifikapo Februari. Ya pili ni kwamba maji huingia kisimani polepole. Mwamba uliooza si mto wa chini ya ardhi kama baadhi ya watu wanavyodhani. Ni kama sponji iliyojaa, inayodondosha maji taratibu kupitia kuta za kisima.

Tabia ya kwanza ndiyo inayoua pampu nyingi za juu, zile zinazokaa kwenye ukingo wa kisima na kufyonza maji kwa bomba. Husemwa kuwa pampu huvuta maji. Kwa hakika pampu hutoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Pwani, kwenye usawa wa bahari, uzito huo unaweza kuyainua maji hadi mita 10.3 na si zaidi, hata pampu iwe na nguvu kiasi gani. Busia na Tororo ziko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na kikomo chake ni karibu mita 9. Ukiondoa msuguano wa bomba na kuvuja kidogo kwenye maungio, fundi mwaminifu hataahidi zaidi ya mita 6 au 6.5. Kijikaratasi kilichobandikwa kwenye pampu kinachosema mita 8 au 9 kiliandikwa kwa ajili ya maabara iliyo karibu na bahari.

Ndiyo maana kuna pampu zinazofanya kazi vizuri kabisa tangu Aprili hadi Novemba, kisha zinaanza kukohoa Januari. Mwenye nyumba huambiwa pampu imechoka, akanunua nyingine yenye hospawa moja badala ya nusu. Mpya nayo hukohoa, maana tatizo si nguvu ya mota, ni umbali wa maji. Wakati huo umeme unaliwa bila maji kupanda, na sili ya pampu, ambayo hupozwa na maji hayohayo, inaungua.

Njia iliyo salama kwa kisima ambacho maji yake hushuka chini ya mita sita wakati wa kiangazi ni pampu ya kuzamishwa, inayokaa ndani ya maji na kuyasukuma badala ya kuyafyonza. Bei yake dukani ni kubwa kuliko ya pampu ya juu, lakini haina kikomo kile cha hewa, haihitaji kujazwa maji kila asubuhi, na ile iliyotengenezwa vizuri huinua maji mengi zaidi kwa kila uniti. Wengine hujaribu kuokoa fedha kwa kuiteremsha pampu ya juu kwenye kikingo ndani ya kisima ili iwe karibu na maji. Kwa pampu ya umeme hilo linawezekana iwapo nyaya zimefungwa vizuri na swichi ya kukata umeme unaovuja ipo. Kwa injini ya petroli ni kifo: moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo hujaa shimoni kwa dakika chache, na anayeshuka kuizima hapandi tena.

Tabia ya pili, ya maji kuingia polepole, huamua ukubwa wa pampu. Kisima cha kipenyo cha mita 1.2 hubeba takribani lita 1,130 kwa kila mita ya kina cha maji. Kikiwa na maji ya mita mbili kina akiba ya lita 2,260, ambayo ni ya wiki nzima kwa familia ya lita 300. Pampu inayotoa lita 40 kwa dakika hulimaliza tangi hilo la ardhini kwa chini ya saa moja, kisha ikabaki ikinguruma juu ya matope. Mwenye kisima anaweza kujua uwezo wake bila mtaalamu: funga jiwe kwenye kamba yenye mafundo ya nusu mita, pima kina cha maji, piga maji mpaka yashuke mita moja, kisha pima tena baada ya saa moja, mbili na tatu. Kama mita ile moja hurudi kwa saa sita, kisima kinatoa chini ya lita 200 kwa saa, na pampu kubwa ni fedha iliyotupwa. Kipimo hiki kifanywe Februari au mwanzoni mwa Machi. Kisima cha Mei husifiwa bure.

Wakati huohuo wa kiangazi ndio unaofaa kukiongeza kina kisima kifupi, kwa sababu wachimbaji hufika chini zaidi kabla maji hayajawazidi. Mita mbili za kuchimba zaidi mara nyingi huokoa fedha kuliko pampu yoyote mpya.

Baada ya kisima na pampu, bomba. Hapa ndipo umeme mwingi unapopotea bila mtu kushuku, maana bomba halipigi kelele wala halitoi moshi. Msuguano wa maji hukua kwa kasi ya kutisha bomba linapokuwa jembamba: kwa kiasi kilekile cha maji, kipenyo kikipungua kwa nusu, msuguano huongezeka karibu mara 30. Maji ya lita 30 kwa dakika yanayopita kwenye bomba la inchi moja lenye urefu wa mita 30 hupoteza nguvu inayolingana na kuinuliwa mita mbili hivi. Yakipitishwa kwenye bomba la nusu inchi, hupoteza nguvu ya mita 20 au zaidi. Nyumba hiyo ni kama imechimba kisima cha pili, kirefu kama cha kwanza, kisha ikakitumbukizia bomba la bei rahisi. Tofauti ya bei kati ya mabomba hayo mawili kwa mita 30 hulipwa mara moja, lakini msuguano hulipwa kila siku. Kila kona, kiungo na valvu isiyo ya lazima nayo huongeza kidogo.

Aina ya bomba pia ina maana yake hapa. Maji ya visima vingi vya mashariki mwa Uganda yana madini ya chuma, na mengine yana asidi kidogo. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki yakikaa ndani ya maji ya namna hiyo huliwa polepole, yakageuza maji kuwa mekundu na kuziba kwa kutu. Tatizo hilo liliwahi kuwa kubwa kwenye visima vya pampu za mkono nchini Uganda, hata wizara ya maji ikasitisha matumizi ya mabomba hayo mwaka 2016. Ndani ya kisima cha nyumbani ni bora bomba la plastiki gumu, na pampu yenye mwili wa chuma kisichoshika kutu. Kwenye nyumba zilizo juu ya miamba ya chokaa, aina ya ule mwamba wa Tororo unaoonekana kutoka mbali na ambao ndugu zake huchimbwa kwa saruji, tatizo hubadilika: maji huwa magumu na huacha ukoko mweupe ndani ya mabomba na kwenye feni ya pampu.

Swali linalofuata ni mahali pa kuyapeleka maji. Kuna mtindo unaozidi kupendwa wa kuunganisha pampu moja kwa moja na mabomba ya nyumba kwa swichi ya presha. Mtu akifungua mfereji, pampu huwaka, akifunga, huzimika. Ni raha, hasa kwa bafu la ghorofani, lakini kwa nyumba ya kawaida ya mpakani ni uamuzi mbaya. Mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mara tano hadi saba ya ule inaotumia ikishashika kasi, na kila glasi ya maji huwa ni kuanza upya. Choo kimoja kinachovuja nusu lita kwa dakika huiwasha na kuizima pampu usiku kucha, na kwa siku moja hupoteza lita 720, zaidi ya mara mbili ya matumizi yote ya familia ile. Umeme ukikatika, maji nayo yamekatika.

Tangi lililoinuliwa huondoa matatizo hayo yote kwa mkupuo. Pampu huwaka mara moja kwa siku au kwa siku mbili, ikafanya kazi mfululizo kwa muda mfupi, kisha uzito wa maji wenyewe ukafanya iliyobaki. Mita tatu za mnara zinatosha mifereji ya nyumba ya chini. Minara ya mita nane au tisa inayoonekana kwenye viwanja vipya ni ya fahari zaidi kuliko ya maji, na kila mita iliyoongezwa hulipiwa umeme kila tangi linapojazwa. Isipokuwa kama kuna heta ya bafu inayohitaji presha kubwa, hakuna haja nayo.

Ndani ya tangi kuwe na swichi ya floti inayokata umeme likijaa, na kisimani kuwe na nyingine inayokata maji yakishuka. Hivi ni vifaa vya bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa, na ndivyo vinavyosahaulika kwanza. Tangi linalofurika kwa dakika 20 kila asubuhi kwa sababu mtu amesahau swichi hupoteza maji na umeme kwa mkono mmoja, na hulainisha udongo chini ya nguzo za mnara.

Tangi lenye mfereji lina faida nyingine isiyoonekana kwenye bili. Kaunti ya Busia, Kenya, ni miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa na Michael Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na wenzake, katika utafiti wa chemchemi za vijijini uliochapishwa mwaka 2011. Kuzijengea chemchemi kulipunguza uchafu wa kinyesi kwenye chanzo kwa asilimia 66, lakini maji yaliyokuwa ndani ya nyumba yaliboreka kwa kiwango kidogo zaidi, kwa sababu yalichafuka tena njiani na mitungini. Maji yanayotoka kisimani kwa bomba, yakakaa kwenye tangi lenye kifuniko na kuchotwa kwa mfereji hayapitii kikombe cha kila mtu. Bila shaka, hayo yanafaa tu ikiwa choo cha shimo kiko mbali, walau mita 30, na kisima kina ukuta na kifuniko juu.

Sasa umeme wenyewe. Mita za kulipia kabla, za tokeni upande wa Kenya na za Yaka upande wa Uganda, zimempa mwenye nyumba kipimo ambacho wengi hawakitumii. Zima kila kitu nyumbani, andika uniti zilizobaki, jaza tangi la lita 1,000 kutoka tupu, kisha soma tena. Tofauti ndiyo gharama halisi ya lita 1,000 katika nyumba hiyo. Kwa kuinua maji mita 20 hivi, jibu la chini ya uniti 0.5 ni la kawaida, na la chini ya 0.3 ni zuri. Likizidi uniti 1, kuna bomba jembamba, valvu iliyoziba, hewa inayoingia kwenye maungio, feni iliyolika kwa mchanga au mota inayokufa. Jibu hilo liandikwe ukutani na kipimo kirudiwe baada ya miezi sita. Pampu inayozorota hujitangaza kwenye namba hizo muda mrefu kabla ya kusimama.

Viwango vya bei navyo vina mitego yake. Nchini Kenya, tangu Aprili 2023, nyumba hupangwa katika makundi matatu kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu: hadi uniti 30 kwa mwezi, kutoka 31 hadi 100, na zaidi ya 100. Nyumba ndogo inayotumia uniti 27 ikaongeza pampu ya uniti tano huvuka mstari, na uniti zote hupanda bei, si zile tano tu. Nchini Uganda, ambako shirika la serikali la UEDCL lilichukua usambazaji kutoka Umeme tarehe 1 Aprili 2025, uniti 15 za kwanza za mwezi huuzwa kwa shilingi 250, na zinazofuata ni karibu mara tatu ya hapo. Kwa nyumba iliyo karibu na mstari kama huo, bomba pana na tangi lisilofurika vina thamani kuliko namba zake zinavyoonyesha.

Wapo wanaopiga maji usiku wa manane wakiamini umeme wa usiku ni wa bei nafuu. Kwa wateja wa nyumbani si kweli katika nchi yoyote kati ya hizi mbili. Bei ya usiku ni ya viwanda na biashara. Lakini wako sahihi bila kujua. Jioni, majirani wote wanapowasha taa, runinga na pasi, volti hushuka mwisho wa laini, na nguvu ya mota hushuka kwa kasi zaidi: volti zikipungua kwa asilimia 20, nguvu yake ya kuzungusha hupungua kwa zaidi ya theluthi. Mota ikilemewa huvuta mkondo mkubwa, ikapata joto, na uzi wake wa ndani ukaanza kuungua. Pampu iwashwe alfajiri au mchana, na kifaa cha kukata umeme volti zikishuka au kupanda kupita kiasi kiwe mbele yake.

Jua ni mpinzani wa kweli wa tokeni hapa. Mji wa Busia uko chini ya nyuzi moja kaskazini mwa ikweta, na wastani wa jua kamili kwa mwaka ni kama saa tano kwa siku. Kazi ya kuinua lita 300 kwa mita 18 ni ndogo mno, kiasi kwamba pampu ndogo ya kuzamishwa ya umeme wa moja kwa moja, yenye paneli ya wati 100 au 200, huifanya kabla ya saa sita mchana. Kosa la kawaida ni kuiongezea betri. Betri ni sehemu ya mfumo wa sola inayokufa mapema kuliko zote, wakati paneli hudumu miaka 20 na zaidi. Kwa pampu, betri ni tangi: jua likiwaka maji hupanda, likitua maji yako juu tayari. Paneli ziwekwe kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 au 15 ili mvua izioshe, na ziwe juu ya paa la nyumba inayolaliwa watu, kwa hofu ya wezi, ambayo kila mkazi wa mpakani anaijua.

Kwa nyumba ambayo tayari ina umeme na matumizi ya uniti nne kwa mwezi, hata hivyo, sola haiwezi kurudisha fedha zake upesi. Inafaa pale ambapo laini ya umeme haijafika, ambapo umeme hukatika sana, au ambapo kuna bustani ya sukuma na nyanya ya kumwagilia. Anayeuza mfumo wa sola kwa hoja ya kuokoa shilingi 100 za tokeni kwa mwezi hajapiga hesabu, au amepiga ya kwake.

Injini ya petroli ya inchi mbili haifai kwa nyumba. Hutoa mamia ya lita kwa dakika, ambayo kisima cha mkono hakiwezi kuyatoa, na hunywa kama lita moja kwa saa. Kenya hutangaza kikomo kipya cha bei ya petroli kila tarehe 14, Uganda huachia soko, na tofauti kati ya ng'ambo mbili huwafanya watu wavuke na mitungi, lakini hata petroli ya bei rahisi haiifanyi injini hiyo kuwa ya nyumbani. Ni ya shamba la mtoni. Kwa anayetaka kumwagilia robo ekari bila mafuta ipo pampu ya kukanyaga kwa miguu ya MoneyMaker, iliyobuniwa Nairobi katika miaka ya 1990, ambayo matengenezo yake ni rahisi.

Maji ya bei nafuu kuliko yote ni yale yasiyopigwa pampu kabisa. Paa la mita za mraba 50 katika eneo lenye mvua ya milimita 1,500 linaweza kukusanya takribani lita 60,000 kwa mwaka, baada ya kuondoa yanayopotea. Familia ile ya lita 300 kwa siku hutumia kama lita 110,000. Hakuna anayeweza kuhifadhi mvua yote hiyo, lakini gata nzuri na tangi moja la ziada la chini huipumzisha pampu karibu Aprili na Mei nzima, na kisima nacho hupata muda wa kujaa.

Kuhusu manunuzi, mpaka wenyewe unashawishi. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 na marais wa nchi zote mbili, kimepunguza foleni, na mtu wa Busia anaweza kulinganisha bei za nchi mbili kwa miguu. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa shehena isiyozidi dola 2,000, unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Pampu nyingi zilizopo madukani zimetoka China, India au Italia, hivyo haziingii humo, na ushuru unaweza kudaiwa. Dhamana ya duka la ng'ambo nayo ni ngumu kuidai. Pampu inunuliwe upande ambao fundi wake na vipuri vyake vinapatikana, hata ikiwa ghali kidogo.

Matengenezo ni machache. Maungio ya bomba la kufyonza yakazwe, maana tundu dogo kama la sindano linatosha kuingiza hewa. Valvu ya mwisho wa bomba, ile mafundi wanayoiita futivalvu, isafishwe kila kiangazi. Pampu inayohitaji kujazwa maji kila asubuhi ina futivalvu inayovuja, na dawa yake si kuzoea kuijaza. Mota inayonguruma bila kuzunguka mara nyingi ina kapasita iliyokufa, kifaa cha bei ndogo, na ni aibu ya ufundi kuitupa pampu nzima kwa ajili yake. Beringi zikianza kupiga kelele zibadilishwe kabla hazijaharibu mhimili.

Mota ikiungua, kuisuka upya kuna maana kwa pampu ya kuzamishwa ya bei kubwa au yenye uzi wa shaba. Pampu ndogo ya juu yenye uzi wa aluminiamu, ikishasukwa mara moja, hula umeme zaidi kuliko mwanzo na huungua tena mapema. Ya namna hiyo ikifa mara ya pili ipelekwe kwa mnunuzi wa chuma chakavu.